Mshahara wa Mpiga Ngoma

Wanamuziki wa NUTA Jazz walikuwa waajiriwa. Bendi ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA, na mpiga gitaa wake alingoja mwisho wa mwezi kama karani. Gitaa lenyewe lilikuwa mali ya chama. NUTA ilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikaitwa JUWATA. Ikaja kuwa OTTU, na leo wengi tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, JKT na Magereza vilevile. Mlimani Park ilipochukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, herufi za shirika hilo, DDC, zikatangulia jina la bendi, na mpaka leo mtu akiitaja bendi hiyo huzitaja na herufi zake.

Naanzia hapo kwa sababu tangu nistaafu napokea ujumbe mwingi wa vijana wanaotaka kuingia katika kazi niliyoifanya: kufundisha sanaa, kisha kuongoza wanaoifundisha, kisha kukaa kwenye kamati zinazogawa fedha kwa wasanii. Karibu wote huuliza yaleyale. Andiko la mradi linaandikwaje? Mfadhili gani anatoa? Dirisha la maombi linafunguliwa lini? Ni maswali ya haki, nami nitayagusa. Lakini nikiangalia nilikopita naona kwamba msaada mkubwa kuliko wote ambao nchi hii imewahi kuupa sanaa haukuandikiwa andiko. Ulikuwa mshahara. Mtu alilipwa ili apige, acheze, na baadaye ili afundishe, mwezi baada ya mwezi, bila kuulizwa mradi wake unaisha lini.

Ushahidi wangu ni Bagamoyo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na baadaye kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Watu wakatolewa mikoani na ngoma zao. Vijana wengine wakapelekwa China, wakarudi na sarakasi. Mwaka 1974 kikaja kikundi cha maigizo. Hukwe Zawose alitoka Ugogoni na marimba na zeze, akaingia kikundi cha taifa, akawa mtumishi. Vikundi hivyo vilipovunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981, na waliokuwa wakipanda jukwaani wakawa walimu wa darasani. Zawose alifariki mwaka 2003, na mpaka leo ukienda Bagamoyo utamkuta mtu wa ukoo wake anapiga marimba. Hilo halikutokea kwa bahati. Mtu anayelipwa hukaa mahali, akikaa huoa, huzaa, huwaweka watoto na majirani mbele ya chombo chake, na chombo kinapata warithi. Hakuna semina ya siku tatu inayoweza kufanya kazi hiyo.

Halafu zikaja hali ngumu za miaka ya 1980 na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986. Mashirika ya umma yaliyoshindwa kulipa wafanyakazi wake wa kawaida yangewalipaje wapiga tarumbeta? Bendi moja baada ya nyingine ikaachwa ijitegemee. Sikatai kwamba nchi ilikuwa haina fedha. Ninachosikitikia ni kwamba tulipoondoa mshahara hatukuweka kitu kingine mahali pake, na tukaendelea kusema sanaa ni muhimu kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mimi niliingia kazini katika mabaki ya mfumo ule. Nilisomea ualimu Butimba, Mwanza, chuo ambacho kila mwalimu wa sanaa wa kizazi changu anakijua, kwa sababu huko ndiko mtu alikokwenda akitaka kufundisha muziki, uchoraji au maigizo na si hesabu. Nilipangiwa sekondari moja ya mkoani. Nikakuta somo langu halimo kwenye ratiba. Lilikuwamo kwenye ratiba ya wageni. Akija mkaguzi, mkuu wa wilaya au mwenge, natumwa ujumbe niandae kwaya. Wakiondoka, wanafunzi walewale wanaambiwa warudi kwenye masomo ya maana. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu mashindano yale hayakuwa ya mpira peke yake. Kulikuwa na kwaya na ngoma, na shule iliyotaka kufika kanda ilibidi impe mwalimu wa muziki saa zake. Nilizitumia saa hizo kufundisha nota, sauti nne, na ngoma za wenyeji wa pale. Baadhi ya wale wanafunzi leo ni walimu. Wengine ni maafisa utamaduni wa wilaya, na hao nikikutana nao tunaelewana haraka.

Baadaye nilihamia chuo cha sanaa, nikafundisha, nikawa mkuu wa taaluma, na mwisho nikapewa chuo niongoze. Sitakitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema ni ya vyuo vyote vya aina ile na wenzangu waliobaki kazini wasije wakaonekana wananituma.

Mtu akisikia mkuu wa chuo cha sanaa hufikiri mchana kutwa anatazama mazoezi. Mchana kutwa nilikuwa na mhasibu. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mwongozo wa bajeti hutoka Hazina miezi mingi kabla, na ndani yake kuna kitu kinachoitwa ukomo: kiasi usichoruhusiwa kukivuka hata ukililia. Chini ya ukomo huo kuna mishahara, ambayo huna mamlaka nayo. Kuna miradi ya maendeleo, ambayo hupendwa kwa sababu ni majengo. Na kuna OC, matumizi mengineyo, ambayo ndiyo umeme, maji, karatasi, mafuta ya gari, na kwetu sisi ndiyo ngozi za ngoma, nyuzi za magitaa, rangi, turubai na nauli ya mzee anayekuja kufundisha. Fedha za OC huja kwa robo, na robo huweza kuchelewa. Muhula hauchelewi.

Wakala wa serikali una mzigo wa ziada. Sheria ya Wakala ya 1997 iliweka njia ya taasisi kujiendesha kwa ufanisi na kukusanya mapato ya ndani, na chuo cha Bagamoyo kiliingia katika utaratibu huo mwaka 2007, kikaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Wazo halikuwa baya. Lakini mapato ya ndani ya chuo cha sanaa yanatoka wapi? Ada za watoto wa wakulima na wavuvi, na ukumbi. Ukumbi unapendwa na wenye harusi. Kila mkuu wa chuo chenye ukumbi mzuri anayajua maumivu ya Ijumaa mchana, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wana mazoezi ya mtihani na mpambaji yuko mlangoni na vitambaa vyake. Sikuwahi kulaumu wapambaji. Niliweka kanuni moja tu, kwamba mtihani wa vitendo hauhamishwi, na niliitetea kanuni hiyo mbele ya bodi kila ilipotikiswa.

Nieleze kidogo ununuzi wa ngoma, maana humo ndimo nilimoielewa fedha ya umma.

Chuo kinahitaji msondo, vumi na chapuo. Fundi mzuri yupo, anakaa kijijini. Anachagua gogo moja, analichonga ndani na nje kwa tezo na patasi, halafu analiacha kivulini likauke polepole, kwa sababu mti mbichi ukiwambwa utapasuka msimu wa jua. Ngozi anailoweka usiku, asubuhi anaivuta juu ya mzinga ikiwa bado tepetepe, anaipigilia vigingi pande zote, kisha ananyoa manyoya kwa wembe akianzia katikati. Bei yake haina dhuluma. Sasa fungua kanuni za ununuzi. Zinataka nukuu za bei zaidi ya moja, namba ya mlipakodi, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, hati ya mapokezi, na malipo yaingie benki. Fundi wetu ana kitochi na laini ya pesa. Mjini kuna mwenye duka la vinyago aliyekamilika kwa karatasi zote hizo, na ngoma anazo pia: nyembamba, zimepakwa rangi, zimetengenezwa zipendeze kwenye sebule ya mtalii. Ukifuata kanuni kwa macho yaliyofumba, fedha ya umma itanunua ngoma isiyolia, na hesabu zitakaguliwa safi.

Tulikaa na afisa ununuzi wetu, kijana mwenye subira sana, tukatafuta njia ndani ya kanuni zilezile. Fundi na wenzake wakasaidiwa kujisajili kama kikundi halmashauri, wakapata namba ya mlipakodi, wakafungua akaunti. Kisha mwalimu wa ngoma akaandika mwenyewe maelezo ya bidhaa, jambo ambalo awali liliachiwa watu wa stoo: mzinga wa gogo moja lisilounganishwa, ngozi ya ng'ombe isiyo na tundu, kipenyo kadhaa, na mwisho mstari mmoja niliupenda mno, kwamba kila ngoma ipigwe mbele ya kamati ya mapokezi kabla ya kupokelewa.

Siku ya mapokezi kamati ilitoka nje na mafaili yake. Mwalimu aliwasha nyasi kavu, akazipitisha ngoma juu ya moto moja moja, akizigonga kwa kidole na kusikiliza ngozi inavyokaza. Mtunza stoo aliandika. Vumi moja ilikataa kupanda. Akaipasha tena, akaigonga, akatikisa kichwa. Fundi mwenyewe akaichukua, akaisikiliza, akasema, "Hii mwalimu ana haki, nairudisha." Kamati ikaandika imekataliwa, na sababu. Mkaguzi alipokuja mwaka uliofuata alikuta faili lenye maelezo yaliyonyooka kuliko ya ununuzi wetu wa kompyuta, wala hakukuwa na hoja. Kijana anayetaka uongozi wa sanaa ajifunze hilo mapema. Kanuni za fedha hazikuandikwa na watu wanaoichukia sanaa. Ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kuiona ikifanyika, na kazi yako ni kuiandika ndani ya kanuni hizo kwa maneno ambayo mwalimu wa ngoma na mkaguzi wote wataweza kuyasimamia.

Kuna mahali pengine ambapo faili peke yake halikutosha. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Wanaipiga wameibana mapajani, na wapigaji wakiwa wengi mtu asiyezoea hawezi kujua mkono upi ni wa nani. Tulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akija kutoka Dodoma kuifundisha. Wanafunzi wote walimwita Bibi, nami nilimwita Mama. Hakuwa anaanza na ngoma. Siku za kwanza aliwaketisha mikono mitupu wakaimba sehemu za ngoma kwa mdomo, kila mmoja yake, mpaka sauti ziungane. Aliyekosea alirudishwa na Bibi kwa kumgusa bega tu. Ndipo anaruhusu ngoma ishikwe. Nimewaona walimu wengi wa midundo, wa hapa na wa nje. Sijaona mwenye mpangilio wa somo uliotulia kama ule.

Kumwajiri haikuwezekana. Tangu Mei 2004 utumishi wa umma unadai kidato cha nne, na mwaka 2017 tuliona watumishi wa darasa la saba walioajiriwa baada ya tarehe ile wakiondolewa kazini, kabla ya serikali kulegeza mwaka uliofuata. Bibi hakuwa na hata hilo darasa la saba. Basi alilipwa kama mkufunzi wa muda, kwenye kifungu cha posho, na kifungu cha posho ndicho cha kwanza kukatwa kila agizo la kubana matumizi linapofika. Nilibishana sana juu ya kifungu kile. Afisa mmoja wa juu aliniambia kwa upole, "Mama, kwenye makaratasi huyu si mtaalamu." Alikuwa sahihi kuhusu makaratasi, na ndiyo maana nadhani makaratasi ndiyo yabadilike.

Njia ipo tayari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa miaka mingi imekuwa ikirasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini: fundi mwashi, fundi magari, mpishi, seremala anapimwa kwa vitendo, anajazwa pale anapopungua, anapewa cheti. Sioni sababu ya kumtambua aliyejifunza kupaka lipu bila shule tukashindwa kumtambua aliyejifunza muheme bila shule. Vyuo vya sanaa vinatambuliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, vina mitaala ya astashahada na stashahada, vina watahini. Weka jopo la wapigaji wanaoheshimika, mpime bibi kwa anachokijua, mpe cheti cha umahiri, na muundo wa utumishi umwekee ngazi. Pendekezo hili nimeliandika katika ripoti zangu kila nilipopata nafasi, na ninaliandika tena hapa kwa sababu bado ni la maana na wazee hawatungojei.

Nije kwa wafadhili, ambao vijana wanawaulizia zaidi.

Watu wa nchi za Skandinavia wamefanya mengi kwetu. Ukumbi wa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, na fedha kutoka huko ndizo zilizosaidia kusimamisha mwingine. Wametuma walimu, wamepokea wanafunzi wetu, wamelipia matamasha. Nasema haya kwa shukrani ya kweli. Lakini niliwahi kupelekwa Norway katika ziara ya mafunzo, nikaelezwa kitu kilichonifanya nifikiri njia nzima ya kurudi. Tangu 1997 sheria yao ya elimu inaitaka kila manispaa, peke yake au kwa kushirikiana na jirani, iwe na shule ya muziki na utamaduni kwa ajili ya watoto. Ni sheria, kama sheria ya maji au ya barabara. Mwalimu wa fidla katika mji mdogo wa wavuvi analipwa na manispaa yake, na mwaka kesho atakuwapo.

Kwao, basi, wanalipia mwalimu. Kwetu walilipia mradi: miaka mitatu, malengo, viashiria, tathmini ya katikati, tathmini ya mwisho, na baada ya hapo neno "uendelevu", maana yake tutafute wenyewe. Siwalaumu wao kuliko ninavyotulaumu sisi. Fedha ya mgeni haiwezi kulipa mshahara wa mtumishi wetu milele, wala haipaswi. Serikali yetu, ambayo ndiyo ya milele, ilipoona mgeni amekuja, ilisogea pembeni.

Zanzibar walionja matokeo yake. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika jengo la zamani la forodha, baharini kabisa, na kikawa mahali ambapo mtoto wa kawaida wa Unguja aliweza kukaa na qanuni, udi, fidla na ngoma chini ya paa moja. Wasichana waliojifunza pale wamepanda majukwaa ya dunia. Siti and the Band ni mfano ambao wengi wanaujua. Mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kwamba fedha za wafadhili zimekwisha na kinaweza kufunga milango. Wasamaria wema walijitokeza, muziki ukaendelea. Ila fikiria mwalimu wa qanuni mwezi ule. Chombo chake kina nyuzi zilizopangwa tatu tatu, kukiweka sawa tu ni kazi ya asubuhi nzima, kukifundisha ni kazi ya miaka. Hajui kama mwisho wa mwezi atalipwa. Akiondoka akaenda kupiga kibodi hotelini, tutamrudishaje?

Nilipoanza kuitwa kwenye kamati za kupitia maombi nilikuwa na hamu ya kuona upande wa pili wa meza. Tanzania ilishakuwa na Mfuko wa Utamaduni uliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya Sera ya Utamaduni ya 1997, ukaungwa mkono na wafadhili wa nje, kisha ukafifia nao walipoondoka. Kamati nilizokalia zilikuwa za namna mbalimbali, na maombi yalifanana kila mahali. Ukurasa wa kwanza: vijana, wanawake, mabadiliko ya tabianchi. Ukurasa wa bajeti: ukumbi, jukwaa, vyombo vya sauti, fulana, mabango, chakula cha mgeni rasmi na msafara wake. Chini kabisa, kwa herufi zilezile: posho ya wakufunzi. Ukigawanya kwa vichwa na siku unakuta mpiga filimbi aliyetoka mbali analipwa pungufu ya fulana zake mbili.

Waombaji hawakuwa wachoyo. Walikuwa wameisoma fomu, na fomu iliuliza watu wangapi watahudhuria, vyombo gani vya habari vitakuja, nani atafungua. Haikuuliza nani atafundisha na atalipwa nini. Katika kamati moja nilipendekeza fomu ibadilishwe: malipo ya walimu na wasanii yaje juu, kila jina na kiasi chake, na ombi ambalo limewapa sehemu ndogo lieleze kwa nini. Wajumbe walikubali baada ya mjadala mrefu. Awamu iliyofuata maombi yalikuja na sura nyingine kabisa. Watu walewale, vikundi vilevile, lakini sasa kulikuwa na kikundi cha taarabu kinachoomba fedha ya kumlipa mpiga fidla mwaka mzima ili afundishe vijana sita, na hakikuomba tamasha lolote. Nililisoma ombi lile mara mbili kwa furaha. Tulilipitisha.

Siku hizi mwelekeo ni mikopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umehuishwa na unakopesha wasanii kupitia mabenki. Halmashauri nazo zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vya sanaa vimo humo. Kwa mtengeneza filamu, mwenye studio, mbunifu wa mavazi, mkopo wa riba nafuu ni jambo jema, na nimewashauri wengi wachukue. Ana kitu cha kuuza. Lakini anayewafundisha watoto wa darasa la nne kuchonga, au kikundi kinachokusanya nyimbo za unyago za bibi zao, atarejesha kwa kuuza nini? Mkopo ukichukua nafasi yote ya ruzuku, tutafadhili sanaa inayokwisha kuiva na kuinyima ile inayofundishwa. Ningetaka mfuko uwe na vyumba viwili, kimoja cha biashara na kimoja cha mafunzo, na hicho cha pili kisidai marejesho kwa sababu marejesho yake ni watu.

Jambo hili lina haraka kuliko zamani. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na mkondo wa amali wa sekondari umefungua mlango kwa sanaa bunifu. Kenya, sekondari yao mpya ya juu iliyoanza Januari 2026 ina njia tatu, na moja ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Nao wana mashindano ya muziki ya shule yenye umri wa karibu karne moja, tangu 1927, kwa hiyo hawaanzi mikono mitupu. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kwa miaka mingi tulidai somo hili liingie ratibani, sasa limeingia. Lakini ratiba haifundishi. Nimetembelea shule ambako kipindi cha sanaa kimepewa mwalimu mwenye vipindi pungufu, yeyote yule, naye anawachoresha watoto bendera ya taifa wiki baada ya wiki kwa kuwa hana kingine, wakati mita mia mbili kutoka uzio wa shule anaishi msusi wa mikeka na miyaa ambaye angewafundisha umbo, rangi na hesabu kwa mara moja.

Mwanafunzi wangu mmoja ameteuliwa hivi karibuni kuongoza chuo. Alinipigia, "Shikamoo mwalimu, nianze na nini?" Nikamwambia, mwanangu, anza na ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi. Kabla hujazungumza na mfadhili, kabla hujaitisha kikao cha tamasha, orodhesha kila chombo na kila ngoma inayofundishwa chuoni, andika anayeifundisha, umri wake, na nani atashika akistaafu. Penye nafasi tupu ndipo pa kuombea kibali cha ajira, na kwa wale wasio na vyeti, ondoa malipo yao kwenye posho, yaandikie kifungu chake cha ufundishaji wa vitendo ili agizo la kubana likija liyakute mahali pagumu kukatika. Mpeleke afisa ununuzi wako kwa fundi wa ngoma, aone gogo linavyokauka. Mwombe mkuu wa taaluma awarekodi wazee wakifundisha, kuanzia kosa la mwanafunzi na jinsi lilivyosahihishwa, siyo onyesho tu. Na uandike sasa, maana mwongozo wa bajeti ukishatoka muda wa kujaza ni mfupi na mhasibu atataka takwimu mezani.

Ameniahidi orodha hiyo mwisho wa mwezi huu. Tayari ameniambia nafasi moja iliyo wazi: mwalimu wa marimba.